Furaha hujengwa na mazoea madogo ya kila siku

Na MWANDISHI WETU

WATU wengi huiahirisha furaha yao. Kijana husema atafurahi siku atakapopata ajira. Akishaipata, husema atatulia akinunua kipande cha ardhi. Akikinunua, hungoja amalize kujenga nyumba, kisha watoto wahitimu, kisha yeye mwenyewe astaafu. Miaka humwishia akiingojea furaha ambayo kila mara iko hatua moja mbele yake.

Kuwa na malengo makubwa ni jambo jema, na hakuna anayepinga kwamba ajira, makao na karo ya watoto ni mambo mazito. Hata hivyo, matukio makubwa humfika mtu mara chache sana. Siku zilizo baina ya tukio moja na jingine ni nyingi mno, na hizo hasa ndizo maisha yenyewe. Namna mtu anavyozipitisha siku hizo za kawaida, tangu anapoamka hadi anapolala, huchangia sana kuamua iwapo ataishi kwa furaha au kwa kinyongo.

Somo la washindi wa bahati nasibu

Mnamo 1978, mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake wawili nchini Marekani walichapisha utafiti uliowalinganisha watu 22 walioshinda fedha nyingi katika bahati nasibu ya jimbo la Illinois na watu wengine 22 wa maeneo yayo hayo ambao hawakuwa wameshinda chochote. Kinyume na matarajio ya wengi, watafiti hao hawakuona tofauti kubwa ya furaha baina ya makundi hayo mawili.

La kushangaza zaidi ni kwamba washindi walipata raha kidogo kuliko wenzao katika mambo ya kawaida kama vile kuzungumza na rafiki, kula kiamshakinywa, kusikia kichekesho au kusifiwa. Baada ya kuonja kikubwa, vile vidogo vilikuwa vimepoteza ladha.

Sababu ni kwamba akili ya binadamu ni nyepesi kuzoea. Gari jipya humfurahisha mwenyewe kwa wiki kadhaa, halafu huwa gari tu. Nyongeza ya mshahara husherehekewa mwezi wa kwanza; kufikia mwezi wa sita imekwisha kupangiwa matumizi na mwenyewe ameanza kuitamani nyingine.

Hii haina maana kwamba fedha hazina faida. Utafiti kuhusu washindi wa bahati nasibu nchini Uswidi, uliochapishwa mwaka wa 2020, ulionyesha kuwa waliopata fedha nyingi waliendelea kuridhika na maisha yao kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini athari ya fedha hizo kwa furaha yao na afya yao ya akili ilikuwa ndogo zaidi. Kuridhika unapoyatazama maisha yako kwa jumla ni jambo moja. Kuifurahia Jumanne ya kawaida ni jambo jingine.

Humu nchini, suala hili si la anasa. Mnamo 2020, jopokazi kuhusu afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza kuwa maradhi ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa. Lilipendekeza pia kuundwa kwa tume ya kushughulikia afya ya akili na furaha. Neno 'furaha' kuingia katika ripoti iliyokabidhiwa serikali ni ishara kwamba ukosefu wake umekuwa mzigo kwa taifa zima.

Je, ni mazoea gani ambayo mwananchi wa kipato cha kawaida anaweza kuyaanza leo bila kungoja tume wala bahati nasibu?

Hesabu mema matatu kabla ya kulala

Zoea la kwanza huhitaji kalamu, karatasi na dakika tano pekee. Kila usiku, andika mambo matatu yaliyokwenda vyema siku hiyo, na kando ya kila jambo uandike sababu yake.

Mwanasaikolojia Martin Seligman wa Marekani na wenzake walilijaribu zoezi hili na kuchapisha matokeo yake mnamo 2005. Waliolifanya kwa wiki moja tu waliripoti furaha zaidi na dalili chache za huzuni hata miezi sita baadaye. Walionufaika zaidi ni wale walioendelea nalo kwa hiari baada ya wiki hiyo kumalizika.

Mambo yenyewe si lazima yawe makubwa. Huenda mvua ilinyesha baada ya kupanda mbegu, mtoto alisoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, au mteja aliyekuwa na deni la muda mrefu alilipa. Akili yetu kwa kawaida hushikilia mabaya na kuyasahau mema upesi. Tusi moja la asubuhi hukumbukwa hadi jioni, ilhali wema wa watu watano husahaulika kabla ya chakula cha mchana. Kuandika huusawazisha mizani huo.

Salamu zisipuuzwe

Salamu za Waswahili haziishii kwenye 'hujambo'. Mtu huulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za kazi. Mgeni aliyezoea haraka za mjini huenda akaona ni kupoteza wakati, kumbe wazee waliijua siri ambayo watafiti wameithibitisha baadaye sana.

Mnamo 2014, Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha utafiti uliohusu abiria wa treni mjini Chicago. Baadhi ya abiria waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya peke yao, na wengine wasafiri kama walivyozoea. Waliozungumza ndio waliosema safari yao ilikuwa ya kupendeza zaidi. Ajabu ni kwamba abiria wengine walipoombwa kukisia matokeo, walidhani kukaa kimya ndiko kungependeza zaidi.

Katika miji yetu, desturi ya kujuliana hali inafifia. Ndani ya matatu kila abiria huwa ameinamia simu yake, na majirani wa ghorofa moja hupishana ngazini bila kusemezana. Ni kweli kwamba msafiri ana sababu za kujihadhari na asiowajua, hasa kwa kuwa wapo wahalifu wanaowapa abiria vyakula vilivyotiwa dawa. Hata hivyo, hakuna hatari yoyote katika kumjulia hali mama anayekuuzia mboga kila jioni, bawabu anayekufungulia lango au fundi anayekushonea viatu.

Uhusiano mwema na watu huwa na manufaa hata kwa mwili. Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha mnamo 1938 utafiti ambao umeendelea kwa zaidi ya miaka 80, ukifuatilia maisha ya wanaume 724, wakiwemo wanafunzi wa chuo hicho na vijana wa mitaa maskini ya Boston. Mkurugenzi wa utafiti huo, Robert Waldinger, ameeleza kuwa walioridhika zaidi na uhusiano wao na wengine walipokuwa na umri wa miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika miaka 80. Kipimo hicho kilibashiri afya yao ya uzeeni vyema kuliko kiwango cha kolesteroli katika damu.

Kutoa ni moyo

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Jambo hili nalo limefanyiwa majaribio. Mnamo 2008, Elizabeth Dunn na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa nchini Kanada. Washiriki walipewa bahasha asubuhi zenye dola tano au dola 20. Baadhi yao waliambiwa wazitumie kujinunulia kitu, na wengine wazitumie kumnunulia mtu mwingine au kuzitoa sadaka kabla ya saa kumi na moja jioni. Waliowapa wengine ndio waliokuwa na furaha zaidi siku ilipokwisha, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti.

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni mambo ya nchi tajiri. Lakini baadhi ya watafiti hao walifanya uchunguzi mwingine, uliochapishwa 2013, nchini Kanada na Uganda. Katika nchi zote mbili, walioombwa kukumbuka siku waliyomnunulia mtu mwingine kitu walijihisi na furaha zaidi kuliko waliokumbuka kujinunulia wenyewe.

Ikumbukwe kuwa kutoa si fedha pekee. Kumsaidia mzee kubeba mtungi wa maji, kumwelekeza mgeni aliyepotea au kumwachia mama mjamzito kiti ni kutoa. Kinachodhuru ni kutoa kwa kulazimishwa au kujitwisha mizigo ya ukoo mzima hadi ukakosa chako. Huko si ukarimu tena bali ni chanzo kingine cha msongo wa mawazo.

Mwili nao una haki yake

Akili hukaa ndani ya mwili, na mwili uliochoka huzaa mawazo yaliyochoka. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mnamo 2020 unawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa kati ya dakika 150 na 300 kila wiki. Kutembea kwa mwendo wa haraka kunatosha, na dakika chache nazo zina faida. Kushuka kituo kimoja kabla ya ofisi na kumalizia safari kwa miguu hakumgharimu mtu chochote.

Ukitembea asubuhi utafaidi mara mbili, kwa sababu mwanga wa mapema huurekebisha mpangilio wa saa ya mwili na kuurahisisha usingizi usiku unapofika. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza kwamba mtu mzima alale kwa angalau saa saba. Anayelazimika kuamka saa kumi alfajiri ili auwahi msongamano wa magari hawezi kuipata haki hiyo ikiwa saa tano usiku bado anatazama video. Simu ikilala sebuleni, mwenyewe hulala mapema.

Akili iwe palipo mwili

Mnamo 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliohusu watu wazima 2,250. Watu hao waliulizwa kupitia simu zao, nyakati mbalimbali za siku, walikuwa wakifanya nini, wakiwaza nini na wakijihisi vipi. Ilibainika kuwa karibu nusu ya wakati, akili zao zilikuwa zikizurura mbali na kazi iliyokuwa mikononi, na kwamba walikuwa na furaha kidogo zaidi akili zilipozurura.

Wazazi wengi watajiona katika picha hiyo. Baba hufika nyumbani, mtoto akamsimulia ya shuleni, naye akaitikia "ehee" huku akisoma ujumbe wa kikundi cha simu. Mwili umerejea nyumbani ilhali akili imebaki njiani. Mtoto hutambua hilo, na baada ya muda huacha kusimulia. Familia inayokubaliana kuwa chakula cha jioni huliwa bila simu wala runinga hupata nusu saa ambayo hakuna mshahara unaoweza kuinunua.

Anza na moja

Wengi hushindwa kwa sababu hutaka kubadilika kwa siku moja. Mwezi wa Januari huanza na maazimio kumi, na kufikia Februari hakuna hata moja lililobaki.

Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya, kama vile kula tunda au kunywa maji wakati wa chakula. Matokeo yaliyochapishwa mnamo 2010 yalionyesha kuwa zoea lilichukua wastani wa siku 66 kabla ya kufanyika bila kulazimishwa, ingawa wengine walihitaji siku 18 na wengine siku 254. Kuikosa siku moja hakukuharibu chochote.

Kwa hivyo, chagua zoea moja na ulifungamanishe na jambo unalolifanya tayari. Andika mema matatu mara tu unapomaliza kupiga mswaki. Mpigie mzazi simu kila Jumapili baada ya ibada. Tembea mara tu baada ya chai. Likishakukaa, ongeza la pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Si dawa ya kila ugonjwa

Ni muhimu kusema wazi kwamba mazoea haya hayalipi kodi ya nyumba wala hayamrudishii kazi aliyefutwa. Umaskini, ukosefu wa haki na unyanyasaji huhitaji hatua nyingine, na kumwambia mwenye njaa ahesabu mema matatu bila kumpa chakula ni kumkejeli.

Aidha, huzuni isiyokoma kwa zaidi ya wiki mbili, kukosa hamu ya kila kitu, kushindwa kulala au kula, na hasa mawazo ya kujitoa uhai, ni dalili za ugonjwa. Anayezipata amwone daktari katika hospitali iliyo karibu, au amweleze mtu anayemwamini ampeleke. Sonona hutibika, na hakuna aibu katika kuitafutia matibabu, kama isivyo aibu kutibiwa malaria.

Kwa wengine wote, waliochoka bila kuugua na wanaoishi wakiingojea kesho, dawa iko karibu kuliko wanavyodhani. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Ndoto kubwa na ziendelee kufukuzwa. Lakini salamu ya leo, matembezi ya leo na mlo wa leo pamoja na watoto ni mali iliyo mkononi tayari, nayo isipotumiwa leo haiwekwi akiba.