Mpunga Unaobana Pumzi

Mpunga hupenda maji, lakini ukizama kabisa kwa siku nyingi hufa. Maji yakishafunika majani, gesi ya ethilini ambayo mmea huitengeneza wenyewe hukosa njia ya kutoka, ikajaa ndani. Hiyo ndiyo kengele ya hatari. Mpunga wa kawaida hurefuka mbiombio kutafuta hewa. Mafuriko yakikawia, akiba yake ya wanga huisha. Maji yanapokauka jaruba hubaki na mashina membamba, ya manjano, yamelala topeni.

FR13A, mbegu ya kienyeji ya Odisha, India, hufanya kinyume. Ethilini huamsha jeni iitwayo Sub1A, nayo hupunguza nguvu ya homoni ya kurefusha shina. Mmea hutulia, hubana matumizi, na hata baada ya takriban wiki mbili majini huchipua upya.

Wakulima walikuwa na hazina hiyo muda mrefu kabla ya watafiti, akiwemo Pamela Ronald wa Marekani, kuitambua jeni yenyewe mwaka 2006. Kwa uchavushaji, iliingizwa katika Swarna, mpunga unaopendwa sana India. Swarna-Sub1 ikaidhinishwa huko mwaka 2009.