Maji moto akilishwa haachi kuwinda

Kila mikorosho inapokaribia kuchipua, wakulima wa Mtwara, kutoka Naliendele hadi Kitaya kando ya Ruvuma, wanauliza swali lilelile: maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani, wakipewa chakula, si watashiba na kumwacha mbu wa mikorosho afyonze machipukizi atakavyo?

Hapana, na jibu hili limeshapimwa shambani. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Denmark walichapisha matokeo yao kutoka kwenye mikorosho ya Tanzania. Makundi mengine ya maji moto yalipewa maji ya sukari na samaki waliosagwa katika kipindi ambacho miti haichipui. Mengine yaliachwa yajitafutie. Yaliyolishwa yaliongezeka, na ulinzi wa miti haukupungua.

Siri iko kwenye mgawanyo wa chakula. Maji moto mkubwa hamezi nyama. Hupitisha vimiminika tu. Sukari humpa nguvu za kuzunguka mti usiku na mchana. Nyama huibeba kiotani kwa mabuu, maana wao ndio wanaohitaji protini ili wakue. Na mabuu hao ndio wenye uzi. Mfanyakazi humshika buu kwa taya, akampeleka ukingo wa jani hili na kumrudisha ukingo wa lile, buu akitoa hariri mpaka majani yashikane yawe kiota. Hariri yenyewe ni protini. Kwa hiyo samaki anageuka buu, buu anatoa uzi, kisha anakuwa mwindaji. Mabuu wakizidi, mahitaji ya nyama yanazidi. Tena maji moto hashambulii kwa njaa tu. Humfukuza yeyote anayeingia katika himaya yake.

Ulinzi huu si jambo jipya: Unguja, miaka ya 1950, mtafiti wa wadudu M. J. Way alichunguza jinsi maji moto wanavyoikinga minazi dhidi ya kunguni anayeangusha vidaka. Jina la kisayansi la kunguni huyo, *Pseudotheraptus wayi*, linamtaja Way mpaka leo, na ndiye huyohuyo anayefyonza korosho changa.

Bado nasikia kwamba maji moto hula maua. Hawali! Mbu wa mikorosho anafyonza, maua yanakauka, lawama anabebeshwa anayeonekana. Wengine wanachoma viota kwa kuogopa kuumwa wakati wa mavuno, ilhali korosho tunaziokota chini. Wabaya zaidi ni wauza chupa zisizo na lebo gulioni, wenye "dawa ya wadudu wote". Ikiua kweli, itaua na walinzi wako, na kundi la maji moto huchukua muda mrefu kujijenga upya. Msiwape fedha zenu.

La kufanya: miti isipochipua, tundika chupa ya maji ya sukari yenye utambi wa pamba, na weka vipande vidogo vya samaki karibu na viota. Unganisha miti ya kundi moja kwa kamba ili wavuke. Usichanganye viota vya makundi mawili, watauana. Na kabla ya kununua kiuatilifu, muulize afisa ugani au nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele.