Kuandika Wosia Si Kujitabiria Kifo

Taja neno wosia mbele ya wazee wa kwetu Taita uone wanavyotazamana. Mmoja atakohoa, mwingine ataulizia habari za mvua, na wa tatu, aliye mkali zaidi, atataka kujua kama umechoka kumwona akipumua. Mzee huyo huyo hulipa mchango wa chama cha mazishi kila mwezi bila kukosa, wala haoni kwamba kwa kufanya hivyo anajitabiria kifo.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1987 hawajasahau kesi ya marehemu S.M. Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong, akisema kwamba ndivyo alivyotaka marehemu mwenyewe. Ukoo wake wa Umira Kager nao ukashikilia kwamba Mjaluo huzikwa kwao. Maiti ilikaa miezi 5 bila kuzikwa, hadi Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi, na Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi hiyo ilikuwa ya maiti wala si ya mali, lakini tazama ilivyoendeshwa: huyu anasema niliambiwa hivi, yule anasema niliambiwa vile, na mwenye maneno yuko mochari.

Kuhusu mali, Kenya ina Sheria ya Urithi iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo inamruhusu mtu yeyote mwenye akili timamu aliyetimiza miaka 18, mume au mke, kuandika wosia. Si lazima uwe na wakili. Unaandika, unatia sahihi, na mashahidi wawili wanatia sahihi zao. Jihadhari tu usimfanye shahidi yule unayempa kitu, maana anaweza kukikosa kwa ajili ya sahihi yake mwenyewe. Wosia wa mdomo pia unakubaliwa mbele ya mashahidi wawili, lakini kwa raia wa kawaida una nguvu iwapo tu msemaji atafariki katika muda wa miezi 3. Kwa hiyo yale maneno ambayo mzee huyasema kila Krismasi, miaka nenda miaka rudi, hayafai kitu kortini.

Wako wanaodhani kwamba wosia ni fimbo ya kumnyima mke au mtoto. La. Tegemezi aliyeachwa bila kitu anaweza kwenda mahakamani, na hakimu akamkatia fungu. Nao Waislamu wana utaratibu wao: wasia hauzidi theluthi moja ya mali baada ya madeni na gharama za mazishi, wala haumwongezei mrithi mwenye fungu lake, ila warithi wengine wakiridhia.

Nyumbani kwetu jambo hili lina uzito kwa sababu ya shangazi. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa kaka yake, ambaye ndiye baba yangu, akapewa pembe ya shamba karibu na mto. Hapo amelima miaka mingi, akapanda migomba na kujenga nyumba ya vyumba viwili. Hati ya shamba ina jina la baba peke yake. Akifariki bila wosia, sheria inampa mama haki ya kuitumia mali hiyo maisha yake yote, kisha sisi watoto tugawane sawa, wa kike kwa wa kiume. Dada wa marehemu hamo katika mgao huo. Itambidi aende kortini kuthibitisha kwamba alikuwa akitunzwa na kaka yake, akishindana na watoto aliowabeba mgongoni. Mimi sina nia ya kumfukuza, lakini siwezi kuwaapia ndugu zangu, sembuse wake zao.

Nilimweleza baba haya yote mwezi uliopita. Kwanza alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, pembe ile ni ya dada yangu, kila mtu anajua." Nikamjibu, "Baba, kila mtu anajua kwa kuwa wewe upo." Siku ya tatu aliniita akaniuliza ni nani wanaofaa kuwa mashahidi. Nilimtaja jirani mmoja, akamkataa papo hapo kwa sababu ya domo. Nikamfahamisha kwamba shahidi hushuhudia sahihi tu, si lazima asome yaliyoandikwa. Baba akasema hata hivyo, huyo hamtaki, nimtafutie mwingine.