Gorogoro Likigongwa

Wajukuu zangu, mmewahi kumwangalia mama akinunua mahindi sokoni Kitengela? Muuzaji akishajaza gorogoro, mama huligongagonga kwa kiganja. Mahindi yanashuka, pengo linatokea, na muuzaji anaongeza konzi nyingine huku amenuna. Hakuna uchawi hapo: punje zimebanana.

Sasa fikirieni mgodi. Mawe yakishasagwa na madini kutolewa, hubaki unga uliochanganyika na maji. Wachimbaji wa dhahabu Tanzania huuita marudio. Ukimwagwa bwawani, punje zake hutulia ovyoovyo, kama mahindi kabla ya mama kugonga, na maji hujaa katikati.

Punje hizo legevu zikisukumwa hutaka kusogeleana. Lakini maji yamewahi nafasi, nayo hayabinyiki. Yakikosa pa kutokea, yanabeba mzigo yenyewe, punje zinaachana, na kilichoonekana kama ardhi kinatiririka kama uji. Ndivyo ilivyokuwa Brumadinho, Brazili, tarehe 25 Januari 2019, watu 270 wakafa. Na hapa jirani Tanzania, huko Mwadui, Shinyanga, ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi ulibomoka tarehe 7 Novemba 2022, tope likafunika nyumba na mashamba.

Punje zilizoshindiliwa zina tabia nyingine kabisa. Zimeshikana kiasi kwamba haziwezi kusogea bila kupandana. Ukizisukuma zinatanuka, zinafyonza maji, zinakazana. Mkifika Pwani, kanyageni mchanga uliolowa: ule unaozunguka mguu hukauka ghafla, kwa kuwa maji yamezama ndani. Mimi nilirudia hivyo hadi nikaitwa kula.

Huku Kajiado, barabara ikijengwa, bauza hunyunyizia moramu maji kabla ya rola kupita. Si kwa ajili ya vumbi tu. Punje kavu hugoma kuteleza. Maji kiasi huzilainisha zikae pamoja. Yakizidi, yanakalia nafasi ya punje. Kiasi hicho hutafutwa kwa kipimo chenye jina la Ralph Proctor, mhandisi Mmarekani aliyekieleza mwaka 1933: udongo hutiwa koponi tabaka tatu, kila tabaka likigongwa mara 25 kwa nyundo ya kilo 2.5 hivi.

Ila udongo wetu mweusi wa Kitengela ni mkaidi. Ushindilie utakavyo, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka, kwa sababu wenyewe huyanywa maji hadi ndani ya chembe zake. Ndiyo maana fundi wa nyumba ya jirani aliuchimba wote kwanza, akaurundika pale mnapocheza, kisha ndipo akaagiza lori la mawe.