Msanii chipukizi wa filamu na gharama za kuanza

Kijana wa Mtinko anayetaka kuigiza huanza na hesabu ya gharama. Kata hiyo iko kaskazini mwa Singida mjini, nchi ya wakulima wa alizeti, ilhali prodyuza, wasambazaji wa Kariakoo na vituo vikubwa vya televisheni viko Dar es Salaam. Nauli, chumba cha kupanga na miezi ya kula bila kipato hulipwa na familia, mara nyingi kwa mavuno.

Kwa muda mrefu mlango ulikuwa kikundi cha sanaa. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, aliingia Kaole Sanaa Group mwaka 2002, akaonekana katika tamthilia za ITV zikiwemo Jahazi na Dira. Kilichopatikana kwenye vikundi hivyo kilikuwa jina zaidi ya fedha, na jina ndilo lililoamua bei baadaye. Mwaka 2006 Kanumba aliigiza Dar 2 Lagos pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria. Wema Sepetu, ambaye mwaka 2015 aliwania Viti Maalumu mkoani Singida, alikuja na jina mkononi: alikuwa Miss Tanzania wa 2006 kabla ya kuigiza na Kanumba A Point of No Return. Njia hiyo ya mkato ni ya wachache mno.

Mfumo wa mauzo haukumfaa chipukizi. Prodyuza aliuza haki za filamu kwa msambazaji kama Steps Entertainment kwa mkupuo, naye mwigizaji akapokea posho ya mara moja. DVD zikiuzwa maelfu, au kibanda umiza kikijaa watazamaji kila jioni, yeye hakuongezewa hata senti. Stempu za ushuru za mwaka 2013 zililenga kubana uharamia, lakini watu walikuwa tayari wameanza kurushiana filamu kwa memori kadi.

Leo wanunuzi wakubwa ni chaneli za kulipia. Tamthilia ndefu kama Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo zinahitaji waigizaji walewale kwa miezi, jambo linalokaribia ajira, ingawa usaili na upigaji picha bado hufanyika zaidi Dar es Salaam. Anayebaki kijijini ana simu na YouTube. Huko hupata watazamaji mapema kuliko malipo, kwa hiyo ushereheshaji wa harusi na matangazo ya maduka ndivyo vinavyolipa bando.