Banda la uani laongeza gharama ya nyumba ya kisasa

Wenye nyumba wanaofunga taa na kufuli za kuendeshwa kwa simu hujikuta wakilipa mara mbili pale wanapotaka kuunganisha na banda la uani. Hununua vitambuzi zaidi, kumbe kinachokosekana ni njia ya mawimbi.

Vifaa vya Zigbee hupashana habari kwa kupokezana. Kile kilichochomekwa kwenye umeme muda wote hupokea ujumbe na kuusukuma kwa kingine. Cha betri hakifanyi kazi hiyo, hulala ili kutunza chaji. Hivyo vitambuzi kumi vya betri bandani haviongezi hata hatua moja. Plagi moja kwenye ukuta unaotazama uani na nyingine ng'ambo huweza kutosha, ilimradi ukuta si wa bati, kwani chuma hurudisha mawimbi.

Z-Wave hupenya kuta vizuri zaidi, ila ujumbe wake wa kawaida haupitii vifaa zaidi ya 4 njiani. Mnunuzi aangalie pia asili ya bidhaa: ya Marekani hutumia megahezi 908, ya Ulaya 868, na haziwasiliani.

Umbali ukizidi, huvutwa waya hadi kituo cha pili. Wa shaba huishia mita 100, tena hubeba radi na kuunguza vifaa vya majengo yote mawili. Faiba haipitishi umeme. Mteja aulize bei yake kabla mtaro haujachimbwa.