Kambi ya ibada yenye nyumba bila ardhi

Wakenya wengi walilisikia jina la Martha's Vineyard kwa mara ya kwanza Barack Obama alipokuwa rais wa Marekani, kwa kuwa ndicho kisiwa alichopenda kwenda kupumzika na familia yake mwezi wa Agosti. Tulionyeshwa mashua, viwanja vya gofu na majumba ya ufuoni, tukakiweka kwenye fungu la visiwa vya matajiri na mambo yakaishia hapo. Mimi kilichonivuta ni mtaa mmoja tu wa kisiwa hicho, katika mji uitwao Oak Bluffs. Huko kuna vijumba vya mbao zaidi ya 300, vimebanana kama nyumba za Mji wa Kale, na mtaa mzima ulianza kuwa kambi ya ibada ya makanisa madogo madogo yaliyokutana kila mwaka msimu wa joto. Na wenye nyumba hizo hawamiliki ardhi zilizosimama juu yake.

Mtu wa Mombasa akisikia hilo la mwisho lazima ageuze shingo.

Kisiwa hicho kiko katika jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Jimbo lenyewe si geni kwetu kama tunavyodhani. Mwaka wa 1833 Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Wamarekani, na mabaharia wa Salem, mji wa jimbo hilo hilo, ndio waliojaza maduka ya Unguja na Mombasa kitambaa ambacho hadi leo twakiita merikani. Kambi ninayoieleza ilianza miaka miwili baada ya mkataba huo, mwaka wa 1835.

Kufahamu kwa nini walingoja msimu wa joto, yafaa kukumbuka hali ya hewa ya kwao. Baridi inapoingia theluji hufunika njia, na watu hujifungia majumbani miezi kadhaa. Joto lao ni fupi, Juni hadi Agosti. Sisi wakati huo tuko kwenye kusi, bahari imechafuka na nahodha mwenye akili kavuta chombo pwani. Wao ndipo bahari inapowakalia vyema na msitu unapolalika. Mambo yote yanayotaka watu wengi kukutana hubanwa humo.

Mikutano ya dini ya kulala msituni ilikuwa imeshaenea Marekani tangu mkutano mkubwa wa Cane Ridge, jimbo la Kentucky, mwaka wa 1801. Walioishika zaidi desturi hiyo ni Wamethodisti, wafuasi wa njia ya John Wesley. Wasomaji wa Kilifi wawajua Wamethodisti vizuri: tawi lao la Uingereza ndilo lililofika Ribe mwaka wa 1862. Kule Martha's Vineyard aliyechagua mahali alikuwa mwenyeji mmoja, Jeremiah Pease, akapata kichaka cha mialoni karibu na maji. Mialoni ni miti mikubwa yenye kivuli kizito, mfano wa miembe yetu. Baadaye pakaitwa Wesleyan Grove.

Utaratibu wao wa kulala ndio ulionifanya nisome zaidi. Hema halikuwa la mtu. Lilikuwa la kanisa. Kila ushirika, yaani watu wa kanisa moja la kijiji au mtaa fulani, ulikuja na hema lake kubwa, wakalitandika majani makavu, wakaweka pazia katikati, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Mtu aliyezoea kumwona jirani yake wa kanisani saa mbili tu kwa wiki sasa alimsikia akikoroma. Mahema yalipangwa kwa duara kuzunguka jukwaa la mahubiri, na katikati palikuwa na viti vya mbao vya watu wote.

Mapumziko yenyewe hayakuwa ya kulala. Mahubiri yalikuwa ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, na baina yake watu wa kila hema walirudi ndani kusali wao kwa wao, kuombeana na kusimuliana hali zao. Huenda msomaji akauliza: hayo ni mapumziko gani? Nadhani jibu liko katika kile walichokiacha. Mkulima aliacha jembe, mvuvi aliacha nyavu, mwenye duka alifunga duka, na kwa siku kama saba hakuna aliyekudai wala uliyemdai. Mwenye kuwahi kukaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani aelewa kwamba mwili waweza kuchoka na moyo ukapumzika. (Wapishi, naamini, hawakupumzika. Hilo ni la dunia nzima.)

Ulio mzito zaidi kwangu ni ule ushirika wa hema. Kanisa dogo la kijijini lina watu 30 au 40, na wote wanajuana kwa ugomvi wa mipaka na wa madeni. Ukiwatoa hapo, ukawaweka chini ya turubai moja, wakala chungu kimoja na kunyeshewa na mvua moja, yale ya kijijini hupungua uzito. Wanaporudi, baridi inapofunga njia, wanayo ya kukumbushana mpaka mwaka unaofuata.

Kisha mambo yakabadilika polepole. Familia zilizojiweza zikaanza kuleta hema zao binafsi. Hema likawekewa sakafu ya mbao, halafu likawekewa ubavu wa mbao, na kuelekea 1860 zikaanza kujengwa nyumba kamili. Kwa kuwa zilijengwa juu ya viwanja vya mahema, zilitoka nyembamba, za ghorofa moja, na mlango wa mbele wa mapacha unaofunguka kama mdomo wa hema. Mafundi wakazipamba kwa nakshi za mbao zilizokatwa kama lesi, na kila nyumba ikapewa kibaraza kinachotazama njia. Sisi tuliolelewa vibarazani hatuhitaji kuelezwa kazi yake: asiyepita ndani hupita nje, na salamu haikosi.

Lakini tangu hapo aliyekuwa akilala na kanisa lake akawa analala na mkewe na watoto. Naona hapo ndipo walipopoteza kitu, ingawa nyumba ni nzuri kuliko majani makavu na mimi mwenyewe ningechagua nyumba.

Hatari kubwa zaidi ilitoka nje. Watu walikuwa wanakuja kwa maelfu, na penye watu wengi mfanyabiashara hunusa. Mwaka wa 1866 kampuni moja ilinunua ardhi iliyopakana na kambi, ikaikata viwanja vya kuuza, ikajenga gati na baadaye hoteli. Wenye kambi waliogopa, wakajenga uzio wa mbao wenye urefu wa futi saba. Uzio haukuzuia sana. Hata ile sherehe ya taa ambayo sasa ndiyo fahari ya kambi, ambapo usiku mmoja wa Agosti kila kibaraza huning'inizwa taa za karatasi, ilianzishwa na kampuni hiyo mwaka wa 1869 ili kuvuta watu. Wenye kambi waliichukua wakaifanya yao. Siku hizi hutanguliwa na kuimba pamoja katika ukumbi wa chuma uliojengwa mwaka wa 1879 pale palipokuwa na jukwaa la mahubiri. Taa za umeme huzimwa, mtu mmoja aliyeheshimiwa na jamii huwasha taa ya kwanza, na nyingine hufuata.

Kilichoiokoa kambi ni hati. Katika miaka hiyo ya 1860 jumuiya ya kambi ilijiandikisha kisheria na kuinunua ardhi ya msitu kwa jina la jumuiya, na haikuwagawia waumini viwanja. Mpaka leo mtu hununua nyumba tu, na kiwanja hukikodi kwa jumuiya. Hawezi kuibomoa akajenga hoteli. Hawezi kuuza kiwanja kwa sababu si chake. Kampuni ya jirani iliuza na ikaisha. Mtaa wa kambi upo.

Sisi jambo hili twalijua kwa jina jingine na kwa uchungu mwingine. Majengo, Kisauni na mitaa mingine ya Mombasa imejaa nyumba bila ardhi. Hati zilizotolewa chini ya sheria ya ardhi ya 1908 ziliwapa wachache umiliki, na wengine wakajenga juu yake kwa kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba ya bibi yangu ni ya namna hiyo. Siku mwenye ardhi akifa na warithi wakitaka kuuza, nyumba ya miaka 60 inageuka fito na mawe. Mpango ni ule ule, nyumba yako na ardhi ya mwingine, lakini huku ni hofu na kule ni ngao. Tofauti ni nani huyo mwingine. Ardhi ikiwa ya mtu, itafuata haja za huyo mtu na wanawe. Ikiwa ya jumuiya isiyokufa wala kurithiwa, ambayo imeandikwa kwamba ipo kwa ajili ya ibada, hubaki. Waislamu wa Pwani wana neno lake la zamani: wakfu.

Ngao hiyo, hata hivyo, haikumkinga kila mtu. Wamarekani weusi waliokuja kisiwani hawakukaribishwa kwenye hoteli. Charles Shearer, aliyezaliwa utumwani Virginia, alifika huko yeye na mkewe Henrietta kwa ajili ya mikutano ya Wabaptisti, waliokuwa na kambi yao upande wa pili wa mji. Mwaka wa 1903 wakanunua nyumba, Henrietta akafungua dobi, na mwaka wa 1912 wakaanza kupokea wageni weusi waliokosa pa kulala. Mwimbaji Paul Robeson alilala hapo. Oak Bluffs ikawa mji wa mapumziko wa Wamarekani weusi, na Martin Luther King naye alikwenda kupumzika huko. Kwenye ufuo wao, tangu 1946, kuna kundi la watu, wengi wao wazee, wanaoingia majini kila asubuhi ya msimu wa joto, wakafanya mazoezi, wakaimba na kusali kwa duara kabla ya kurudi kunywa chai.

Wala haikuzuia bei. Kijumba kilichoanza kuwa hema la mvuvi leo huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, bila ardhi. Jumuiya inaweza kumchuja mnunuzi, lakini haiwezi kumpa pesa asiyekuwa nazo.

Nayasema haya kwa sababu Agosti yetu nayo imejaa kambi. Makanisa ya Rabai, Ribe na Frere Town hupeleka vijana. Madrasa nazo zina semina zao za likizo. Karibu zote hukodi shule au ukumbi wa hoteli kwa siku tatu, kisha magodoro yanapakiwa kwenye lori na mahali panarudi kwa mwenyewe. Wakati huo huo ziko ekari za makanisa na za wakfu, nyingine zimeota magugu, nyingine zimeshaanza kumegwa na wajanja. Wazee wa kamati wakikutana kupanga kambi ya mwaka ujao, kabla ya kupigia hoteli simu, waulizane hati za ekari hizo ziko kabatini kwa nani, na jina lililoandikwa juu yake ni la nani.